Maswali ya Wasomaji: Kukaa Sawasawa Ndani ya Gari

Barua nilizozichagua mwezi huu zinahusu kiti, mkanda na mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu wengi huuita eabegi. Nimeziweka pamoja kwa sababu vitu hivi vitatu vilibuniwa kufanya kazi kwa kutegemeana: mfuko wa hewa unatarajia kwamba mkanda umekwisha kumshika mtu, nao mkanda unatarajia kwamba mtu ameketi wima, makalio yakiwa yamefika mwisho wa kiti. Kiti kikikosewa, hivyo vingine viwili hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake, hata kama gari ni jipya na limejaa vifaa.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfupi, na tangu ninunue Vitz yangu husogeza kiti mbele kabisa ili niifikie breki na nione barabara. Shemeji yangu ananiambia nikae mbali na usukani kwa sababu ya eabegi, lakini nikirudi nyuma miguu haifiki. Nikiendesha mpaka Dodoma, mgongo na shingo huniuma. Nirekebishe vipi? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Shemeji yako amesema kweli, nawe una haki ya kutaka kuikanyaga breki bila kujinyoosha, kwa hiyo tutafute mkao utakaotimiza yote mawili. Fanya kazi hii gari likiwa limesimama mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa, na ukiwa umevaa viatu unavyoendeshea siku zote.

Anza na makalio. Yasukume nyuma mpaka yaguse pale egemeo la mgongo linapokutana na kikalio, kwa sababu ukiacha nafasi nyuma ya kiuno, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa vya uongo. Kisha pandisha kiti. Katika magari mengi madogo ya Kijapani, ubavuni mwa kiti cha dereva kuna mkono mrefu ambao ukiuvuta juu mara kadhaa kikalio hupanda, na ukiusukuma chini hushuka. Wengi niliowafundisha walikuwa na magari yao kwa muda mrefu bila kujua kwamba upo. Pandisha hadi nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kidogo, nawe uione barabara juu ya usukani, si kupitia katikati yake, lakini ubakize nafasi ya ngumi moja kati ya kichwa na dari. Watu wafupi wengi husogea mbele kwa kutafuta kuona zaidi kuliko kutafuta pedali, na wakishapandisha kiti hugundua kwamba wanaweza kurudi nyuma kiasi bila kupoteza chochote.

Sasa vuta wenzo ulio chini ya ukingo wa mbele wa kiti, usogee. Kanyaga breki mpaka mwisho kwa mguu wa kulia, na hapo goti libaki limejikunja kidogo. Kama gari lina klachi, pima vilevile kwa mguu wa kushoto. Mguu ulionyooka kabisa hauna nguvu ya kuongeza breki ya dharura inapohitajika, na gari likigonga, msukumo hupanda kutoka kwenye pedali moja kwa moja hadi kwenye nyonga. Ukishauachia wenzo, jitikise mbele na nyuma mpaka usikie kiti kimejifunga kwenye reli yake. Kiti ambacho hakikujifunga huteleza mara tu unapokanyaga breki, na hiyo ndiyo sababu nawasihi madereva wasirekebishe kiti gari likiwa linatembea, hata kama barabara ni nyeupe.

Baada ya hapo chukua rula ya shule, upime kutoka katikati ya usukani mpaka kwenye mfupa wa kifua chako. Umbali unaoshauriwa ni sentimita 25 au zaidi. Mfuko wa hewa hujazwa na gesi katika muda wa takriban sehemu 30 hadi 50 za sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000, yaani kabla jicho halijamaliza kufumba na kufumbua, na kitambaa chake hutoka kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa. Hatari yake yote iko katika sentimita za kwanza, wakati unapopasua kifuniko cha usukani na kufunguka. Aliye mbali hukutana na mfuko uliokwisha kujaa na unaoanza kutoa gesi kupitia matundu yake, kwa hiyo humpokea polepole. Aliyeukumbatia usukani hupigwa na mfuko ambao bado unatoka.

Ukiona bado hujafika sentimita 25, laza egemeo la mgongo nyuma kidogo, kidogo tu, kisha ushushe usukani ili uelekee kifuani badala ya usoni. Utajua hukuzidisha ikiwa, mabega yako yakiwa yamegusa kiti, kifundo cha mkono kinaweza kulala juu ya usukani bila mgongo kubanduka. Sikushauri ukalie mto mnene na laini, kwa sababu wakati wa kugonga hubonyea na kuteleza, na mkanda ukahama kutoka kwenye nyonga hadi tumboni. Ikiwa baada ya yote hayo miguu bado haifiki, tafuta viongezeo vya pedali vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo na kufungwa kwa skrubu na fundi unayemwamini. Kipande cha mbao kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli kitachomoka siku utakayokihitaji.

Kuhusu maumivu, nadhani mengi yatapungua makalio yatakapokaa mahali pake, kwa kuwa kiuno kitapata kuegemea. Hakikisha pia kwamba kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti panaingia vidole viwili au vitatu, vinginevyo damu ya miguu hubanwa. Vioo urekebishe mwisho kabisa, maana kila unapohamisha kiti navyo hupotea.

*Assalamu alaykum. Tunaposafiri usiku kwenda Nairobi, mke wangu, ambaye ana ujauzito wa miezi sita, hulaza kiti cha mbele karibu kabisa ili apate usingizi, na mkanda huupitisha nyuma ya mgongo akihofia utamdhuru mtoto. Wakati mwingine huweka miguu juu ya dashibodi kwa sababu inavimba. Je, kuna ubaya? — Msomaji, Mombasa*

Waalaykumu salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amjaalie ajifungue salama. Ubaya upo, na ni mkubwa, kwa hiyo nitaeleza sababu zake ili umweleze naye akaridhika, badala ya kumwamrisha tu.

Mkanda wa sehemu tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia bila malipo. Ubora wake ni kwamba huukabidhi mzigo kwa mifupa yenye nguvu: sehemu ya chini hushika mifupa ya nyonga, na sehemu ya juu hupita kwenye mtulinga na mbavu. Kiti kikilazwa, sehemu ya juu hubaki ikining'inia hewani mbele ya kifua, na sehemu ya chini hupanda kutoka kwenye nyonga. Gari likigonga, mwili huteleza mbele chini ya mkanda, nao mkanda huzama tumboni ambako hakuna mfupa wa kuupokea, au hukwama shingoni. Kwa hiyo aliyelala chali akiwa amefunga mkanda anaweza kuumizwa na mkanda uleule uliowekwa kumwokoa.

Kwa mama mjamzito, mkanda haumdhuru mtoto ukikaa mahali pake. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, ilale juu ya nyonga na mapaja, isipite kamwe juu ya uvimbe wa tumbo. Sehemu ya juu ipite kati ya matiti na kuteremka ubavuni mwa tumbo. Auvute ubane vizuri baada ya kuondoa khanga au nguo nzito iliyojikunja kiunoni. Katika magari mengi, kwenye nguzo iliyo kati ya milango kuna kifaa cha kupandisha na kushusha ncha ya juu ya mkanda. Kirekebisheni mpaka mkanda uvuke katikati ya bega bila kukwaruza shingo, kwa sababu wanaoupitisha nyuma ya mgongo au chini ya kwapa mara nyingi hukimbia usumbufu huo mdogo tu.

Miguu juu ya dashibodi ni hatari zaidi ya hayo yote. Mfuko wa hewa wa abiria umefichwa palepale anapoiweka, na ukifunguka huyarusha magoti kuelekea usoni, ukavunja mapaja na kung'oa nyonga kwenye kitako chake. Kirudisheni kiti nyuma kadiri reli inavyoruhusu, mgongo ubaki karibu na wima, na mpumzike kila baada ya saa mbili, Voi au Mtito Andei, ashuke atembee. Hilo litaisaidia miguu kuliko dashibodi. Ningependa zaidi msafiri mchana, lakini hilo ni juu yenu.

*Mwalimu, nimeng'oa viegemeo vya kichwa vya viti vya nyuma vya Noah yangu ili nione vizuri kwenye kioo cha ndani, na fundi alipovalisha viti kava mpya aliizika mikanda ya nyuma chini yake. Wazee wangu husema mkanda ni wa watu wa mbele. — Msomaji, Unguja*

Virudishe viegemeo leo, na mikanda uichomoe. Kiegemeo cha kichwa kipo kwa ajili ya kugongwa kwa nyuma, pale kiwiliwili kinaposukumwa mbele ghafla na kichwa kikabaki nyuma hadi shingo ikapinda kupita kiasi. Ncha yake ya juu ilingane na utosi, au kwa uchache isishuke chini ya ncha ya masikio, na isiwe mbali na kisogo kwa zaidi ya sentimita tano au sita. Viti visipokuwa na abiria unaweza kuvishusha mpaka chini, ukaona vizuri. Abiria akikaa, vipandishwe.

Wazee wetu waelezwe kwa heshima kwamba kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani ghorofa ya tatu, na hakuna mtu anayeuliza kama anayeanguka hivyo alikuwa amekaa mbele au nyuma. Asiyefunga mkanda nyuma humwangukia aliye mbele yake, hata kama huyo wa mbele amejifunga. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi nusu. Kenya iliwahi kulichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa: kuanzia Februari 2004, chini ya kanuni za Waziri John Michuki, kila kiti cha matatu kilitakiwa kuwa na mkanda, pamoja na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa.

*Mwanangu ana miezi minane. Nikipanda gari la mume wangu humpakata mbele na kutufunga sote kwa mkanda mmoja. Nimeonyeshwa kiti cha mtoto cha mtumba, lakini sijui kama kinafaa, wala gari letu la mwaka 2006 kama lina sehemu ya kukifunga. — Mama, Tanga*

Mama, swali lako ndilo lililonigusa zaidi, na nakuomba uniwie radhi nikikujibu kwa urefu na bila kuzunguka. Namna unayompakata, nayo ni namna ya maelfu ya akina mama wenye mapenzi makubwa kwa watoto wao, haiwezi kumlinda. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta na pua yake ikabonyea nusu mita kabla ya kusimama, kila kilichomo husukumwa mbele kwa takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 huvuta mikono yako kwa nguvu ya kilo 200, na hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuishikilia. Mkanda mmoja ukiwafunga wawili, mwili wako wenyewe ndio unaombana mtoto dhidi ya mkanda. Na kwa kuwa mnakaa mbele, mfuko wa hewa humpiga yeye kabla ya kukufikia wewe.

Mtoto wa umri huo anatakiwa kukaa kiti cha nyuma, katika kiti chake mwenyewe kinachotazama nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito mno kikilinganishwa na mwili wake, na mifupa ya shingo bado haijakomaa. Akitazama mbele, kiwiliwili hushikwa na kichwa hurushwa, lakini akitazama nyuma, ganda la kiti hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kanuni ya kimataifa namba 129 inataka abaki hivyo hadi atimize miezi 15 kwa uchache, na huko Sweden wazazi wengi huendelea hadi mtoto anapokaribia miaka minne. Nakusihi uendelee kadiri kiti kinavyoruhusu, hata jirani akisema miguu imekunjana. Jambo moja lisisahaulike: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu ukifunguka hupiga mgongo wa kiti hicho palepale kilipo kichwa cha mtoto. Magari machache yana swichi ya kuuzima, lakini mengi tunayoagiza kutoka Japani hayana.

Kuhusu kiti cha mtumba, uliza kwanza kama kinatoka kwa mtu unayemjua, atakayekuambia kwa kweli kwamba hakijawahi kuwa ndani ya ajali. Kigeuze, utazame plastiki kama ina ufa au imepauka kwa jua, uvute kamba zote, ufunge na kufungua kifungio mara nyingi, na utafute lebo yenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya kanuni, 44 au 129. Kisicho na lebo, au kilichobadilishiwa kamba kwa fundi cherehani, kiache hata ukipewa bure.

Sehemu ya kukifunga, inayoitwa aisofiksi, ni vyuma viwili vilivyojificha kwenye mwanya kati ya kikalio na egemeo la kiti cha nyuma. Ingiza vidole utavigusa kama vipo. Visipokuwapo usifadhaike, kwa maana viti vingi hufungwa kwa mkanda wa gari. Pitisha mkanda katika njia iliyochorwa kwenye kiti, kikandamize kwa goti lako huku ukiuvuta mkanda, kisha ukishike pale mkanda unapopita na kukitikisa: kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kamba za mtoto anayetazama nyuma zianzie usawa wa mabega au chini yake kidogo, na zibane kiasi kwamba huwezi kuufinya utepe wake kwa vidole viwili. Blanketi lifunike kamba kwa juu, lisikae chini yake. Na kwa jua la Tanga, gusa kifungio cha chuma kwa kiganja chako kabla hujamkalisha, kwani gari lililoegeshwa juani linaweza kumuunguza.

Huko mbele atahamia kiti kinachotazama mbele chenye kamba zake, kisha kiti cha kumpandisha, mpaka afike urefu wa sentimita 135 hadi 150 ambapo mkanda wa watu wazima utampita begani na nyongani badala ya shingoni na tumboni. Najua bei ya kiti kipya ni nzito kwa familia nyingi. Kama mnaweza kuahirisha rimu mpya au redio, anzeni na hiki.

*Nimeagiza gari kutoka Japani, kitabu chake ni cha Kijapani. Taa ya mtu mwenye duara tumboni imewaka na haizimi tangu nilipooshewa gari ndani. Fundi anasema ataitoa balbu. Pia nataka kuvalisha viti kava za ngozi. — Msomaji, Mwanza*

Usimruhusu aitoe balbu. Taa hiyo ni ya mifuko ya hewa pamoja na vivuta mikanda, yaani vile vifaa vinavyoukaza mkanda ghafla mara gari linapogonga. Ukiwasha swichi inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izime yenyewe. Ikibaki imewaka, mfumo umeona hitilafu na huenda usifanye kazi siku ya ajali. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano kwamba mtu aliyekutangulia aliificha. Kila anayekagua gari la kununua aanze na taa hii kabla ya kusikiliza injini.

Kwa kuwa tatizo lilianza baada ya kuoshwa, tazameni kwanza chini ya viti vya mbele. Huko kuna nyaya zenye viunganishi vya rangi ya njano, ambavyo hulegea mtu akisukuma mizigo chini ya kiti, au huota kutu zulia likimwagiwa maji. Fundi asiviguse kabla ya kuondoa waya wa betri na kusubiri walau sekunde 90, kwa sababu mfumo huhifadhi umeme wa kutosha kufungua mfuko. Atumie mashine ya kusoma hitilafu, asipime kwa taa ya majaribio.

Kuhusu viti kava, angalia ubavu wa nje wa egemeo la mgongo. Ukiona kibandiko kidogo kilichoandikwa SRS, ndani yake kuna mfuko wa hewa wa pembeni, ambao hutoka kwa kupasua mshono wa kiti. Kava ya ngozi iliyozunguka upande huo na kushonwa kwa uzi mgumu huuzuia au kuuelekeza kusikofaa, kwa hiyo chagua iliyoachwa wazi mahali hapo, au uviache viti vilivyo.

Kwa kuwa gari lako ni la Japani, kuna jambo jingine la kulifuatilia. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, iliyofilisika Juni 2017, ilifungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na mengine, na kuanzia mwaka 2008 imekuwa ikirudishwa kubadilishwa duniani kote. Kemikali ya kuujazia gesi ilikuwa amonia nitrati, ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, kisha hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa aliyekaa mbele yake. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya kila siku huku pwani na kandokando ya ziwa, na wengi wetu tunatumia magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Chukua namba ya chesisi kutoka kwenye kibati cha gari au kadi yake, uipeleke kwa wakala rasmi wa mtengenezaji, ukaulize kama gari hilo limo katika orodha ya kurudishwa na kama kifaa kilikwisha badilishwa kabla ya kusafirishwa. Ukiambiwa limo na bado halijatengenezwa, tengeneza miadi ya kubadilishiwa, na hadi siku hiyo asikae mtu kwenye kiti cha mbele cha abiria ikiwa mfuko wenye kasoro ni wa upande huo. Ikiwa ni wa usukani, egesha gari, uulize wakala kama linaweza kuvutwa mpaka karakana badala ya kuliendesha.